Mwalimu Katika Karakana ya Fizikia

Neno warsha limetufikia kwa njia ya Kiarabu, na kwa Waarabu maana yake ni mahali pa kazi ya mikono: pa seremala, pa mhunzi, pa fundi wa magari. Sisi tunalo neno jingine lenye maana hiyo hiyo, nalo ni karakana. Lakini katika matumizi yetu maneno haya mawili yameachana njia. Karakana imebaki na fundi, na mtu akitoka humo mikono yake huwa na mafuta; warsha imechukuliwa na wasomi, na mtu akitoka humo mikononi mwake huwa na kabrasha na cheti. Nalitaja jambo hili mwanzoni kwa sababu historia ninayokusudia kuieleza, yaani historia ya mafunzo ya fizikia ya chembe kwa walimu wa shule za sekondari, ni historia ya warsha iliyochukua zaidi ya miaka 40 kurudi kuwa karakana.

Mimi ni mwalimu wa lugha, si mwanafizikia. Lakini swali la jinsi maarifa yanavyopita kutoka kwa mwenye kuyagundua mpaka kwa mtoto aliye darasani ni swali la walimu wote, na katika elimu hii ya chembe swali hilo limekuwa kali kuliko penginepo.

Kwanza yafaa tuitambue elimu yenyewe. Fizikia ya chembe huchunguza vitu vilivyo vidogo kupita vyote, ambavyo kwavyo vitu vingine vyote vimefanyika. Atomu, ambayo zamani ilidhaniwa kuwa ndiyo mwisho wa kugawanyika, ina elektroni nje na kiini ndani. Kiini kina protoni na nyutroni. Na hizo nazo, kama ilivyobainika tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, zina chembe nyingine ndani yake ziitwazo kwaki. Taabu ya elimu hii kwa mwalimu ni mbili. Ya kwanza, kitu kinachosomwa hakionekani kwa jicho. Ya pili, vyombo vya kukisomea ni vikubwa mno: mashine iliyoanza kazi tarehe 10 Septemba 2008 katika kituo cha CERN, karibu na Geneva, ina mzunguko wa kilomita 27, nayo imelala kiasi cha mita 100 chini ya ardhi, katika mpaka wa Uswisi na Ufaransa. Basi mwalimu wa sekondari atafundishaje asichokiona, kwa chombo asichoweza kuwa nacho?

Ili msomaji asipotee, nitaifuata chembe moja tu katika safari hii, nayo ni myuoni. Mwaka 1912 Victor Hess alipanda angani kwa puto mpaka zaidi ya mita 5,000, akaona kwamba kadiri anavyopanda ndivyo miali ya ajabu inavyozidi. Akahukumu kuwa miali hiyo haitoki ardhini bali hutoka mbali huko juu. Miali hiyo ikiipiga hewa ya juu huzaa chembe nyingine, na miongoni mwazo ni myuoni, iliyotambuliwa mwaka 1936 na Carl Anderson na Seth Neddermeyer huko California. Umri wake ni mfupi mno: ikiwa imetulia, kwa wastani huishi sehemu 2.2 tu za sekunde iliyogawanywa mara milioni moja. Hata hivyo myuoni hutunyeshea mchana na usiku, ndani ya nyumba na nje. Ukikinga kiganja chako, kwa wastani moja hivi hupita kila sekunde, wala huhisi kitu. Chembe hii iliyo karibu nasi namna hii ilimfikia mwalimu wa shule katika nyakati tatu, kila mara kwa njia yake. Na tofauti ya njia hizo ndiyo habari yetu.

Wakati wa kwanza ulianza Marekani mwaka 1956. Jerrold Zacharias, mwanafizikia wa chuo cha MIT, aliona kwamba vitabu vya fizikia vya sekondari vilijaa maelezo ya mashine za nyumbani na orodha za kanuni za kukariri, ilhali fizikia yenyewe ilikuwa imekwisha kwenda mbali. Akakusanya wenzake, wanachuoni mashuhuri pamoja na walimu, wakaanza kuliandika somo upya. Mwaka uliofuata, tarehe 4 Oktoba 1957, Urusi ilirusha Sputnik, na Wamarekani wakaingiwa na hofu kuwa wameachwa nyuma. Mwaka 1958 Bunge lao lilipitisha sheria ya kutumia fedha za taifa kwa elimu kwa ajili ya ulinzi. Kazi ya Zacharias, iliyoanza kabla ya hofu hiyo, ikapata upepo katika tanga. Kitabu kilitoka mwaka 1960, na pamoja nacho zikaja filamu na vyombo vya maabara vya bei nafuu. Na katika likizo za kiangazi walimu waliitwa vyuoni, wakakaa kwa majuma kadhaa wakisomeshwa somo jipya.

Miongoni mwa filamu za jamii hiyo mna moja ambayo hata leo hustahili kutazamwa, nayo yahusu myuoni. David Frisch na James Smith walipeleka chombo cha kuhesabia juu ya mlima Washington, huko New Hampshire, wenye kimo cha mita 1,900 na zaidi. Walihesabu myuoni zenye mwendo waliouchagua, wakapata 563 kwa saa. Kisha wakauliza: kwa kuwa chembe hizi hufa upesi hivi, ni ngapi zitafika usawa wa bahari? Kwa hesabu ya kawaida zilipasa kufika 27 hivi. Waliposhuka na kuhesabu chini walipata 408. Sababu ni ile aliyoieleza Einstein mwaka 1905: kwa kitu kinachokwenda kwa mwendo unaokaribia ule wa mwanga, saa yake, ikipimwa na sisi tuliosimama, huenda polepole. Myuoni haikuishi zaidi kwa hesabu yake yenyewe; iliishi zaidi kwa hesabu yetu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1963.

Hapana shaka kwamba somo hili ni zuri. Lakini tutazame mahali alipowekwa mwalimu. Wanachuoni walipanda mlima, wanachuoni walihesabu, wanachuoni walieleza. Kazi ya mwalimu ilikuwa kuzima taa na kuwasha mashine ya filamu. Haki yapasa isemwe: walimu wengine walikuwamo katika kuandika kitabu, na vyombo vya maabara viliwapa wanafunzi kazi ya mikono. Ila katika habari ya chembe, mwalimu alikuwa tarishi. Alipokea barua iliyofungwa, akaipeleka. Wakosoaji wa baadaye walizipa jitihada za wakati ule jina la kejeli, wakisema zilitafuta mtaala ambao mwalimu hataweza kuuharibu. Nyuma ya kejeli hiyo mna ukweli: mtu akiogopwa kuwa ataharibu kitu, hapewi nafasi ya kukimiliki.

Njia hiyo haikubaki Marekani. Shirika lililoundwa mwaka 1958 kueneza kazi ya Zacharias na wenzake, Educational Services Incorporated, liligeukia pia Afrika. Mwaka 1962 liliwakutanisha Waafrika, Wamarekani na Waingereza mjini Entebbe, Uganda, kuandika vitabu vya hisabati mpya kwa ajili ya shule za Afrika. Na vitabu hivyo, vilivyoitwa kwa jina la mji huo, vilitumika katika nchi kadhaa, za Afrika ya Mashariki zikiwamo. Kenya iliziacha hisabati za namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sababu zilizotajwa ni nyingi, na wazazi walikuwa na zao. Kwa maoni yangu iliyo kubwa ni hii: jambo jipya lilikabidhiwa walimu wengi kabla hawajapata wakati wa kulifanya kuwa lao. Mwalimu asiyelimiliki somo hulishika kama mtu ashikavyo chombo cha jirani, kwa hofu, na kwa nia ya kukirudisha upesi.

Wakati wa pili twauona katika miaka ya 1980, huko Illinois, magharibi ya Chicago. Hapo ndipo palipo na maabara ya Fermilab, iliyoanzishwa mwaka 1967, ambapo mwaka 1977 watu wakiongozwa na Leon Lederman waligundua kwaki ya tano. Lederman, aliyepewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili mwaka 1988, alikuwa mkuu wa maabara hiyo hadi 1989, naye aliamini kwamba maabara inayotumia mali ya umma ina deni kwa watoto wa umma. Mwaka 1980 alianza masomo ya Jumamosi asubuhi kwa wanafunzi wa sekondari. Baada yake yakafuata mafunzo ya walimu ya kiangazi. Mwezi wa Aprili 1986 ulifanyika hapo mkutano juu ya kufundisha fizikia ya kisasa, nao walimu wa shule walikaa meza moja na wanafizikia.

Tunda la mkutano ule lilikuwa karatasi moja. Walimu walisema kwamba mwenzao wa kemia anayo jedwali ya elementi ukutani, na mtoto akiinua macho huona elimu nzima kwa mara moja; mwalimu wa fizikia ya chembe hana kitu. Basi kikaundwa chama cha walimu na wanafizikia, nao pamoja wakachora chati ya chembe za msingi na kani zinazoziunganisha. Ilipotoka mwishoni mwa miaka ya 1980, chati hiyo ilitundikwa katika madarasa mengi. Ndani yake mlikuwa na kwaki 6, ingawa ya sita ilikuwa haijaonekana na mtu yeyote. Ilitangazwa kuwa imeonekana mwezi wa Machi 1995, hapo hapo Fermilab. Mwalimu aliyekuwa na chati ile ukutani aliweza kumwambia mtoto jambo ambalo vitabu vya shule huliambia kwa nadra sana: hiki bado kinatafutwa.

Hatua hii si ndogo. Mwalimu hakuwa tena tarishi. Alikuwa mmoja wa walioamua barua iandikwe nini. Walakini chati ni picha, na picha huonyesha matokeo, haionyeshi jinsi yalivyopatikana. Mtoto mwerevu akiuliza, “Mwalimu, mmejuaje?”, jibu la kweli lilikuwa: tumeambiwa. Nao wahenga walisema kusikia si kuona.

Mwaka 1993 likatokea jambo lililowaamsha wanafizikia wa Marekani. Walikuwa wameanza kujenga Texas mashine ya mzunguko wa kilomita 87, na Bunge lao likaifuta kazi ikiwa katikati, mashimo yamekwisha kuchimbwa. Sababu kubwa ilikuwa fedha. Lakini funzo mojawapo lilikuwa kwamba elimu isiyoeleweka na watu haina wa kuitetea siku ya shida. Sisemi kuwa mafunzo ya walimu yaliyofuata yalizaliwa na pigo hilo peke yake. Nasema tu kwamba baada yake haikuwezekana tena kuyahesabu kuwa sadaka ya mwenye wakati.

Ndipo ukaja wakati wa tatu. Mwaka 1998 kituo cha CERN, kilichoanzishwa na nchi 12 za Ulaya mwaka 1954, kilianza kuwaita walimu wa sekondari wa nchi mbalimbali kukaa kwa majuma matatu. Mwaka 1999 Marekani ikaanza mpango uitwao QuarkNet, kwa fedha za wakfu wa taifa wa sayansi na za wizara ya nishati. Katika mpango huu chuo kikuu au maabara huwa kituo, na mwanafizikia wa hapo huwa mlezi. Kwa utaratibu wa mwanzo, walimu wawili walikuja kwa majuma 8 ya kiangazi, si kusomeshwa, bali kufanya kazi ya utafiti pamoja na watafiti. Na mwaka wa pili hao wawili waliwaongoza walimu wengine, wasiozidi 10, katika mafunzo ya majuma matatu. Mwalimu alikuwa mwanagenzi kwanza, kisha fundi, kisha mwenye kufunza mafundi. Huu ni utaratibu wa karakana, nao ni wa kale kuliko vyuo vikuu vyote.

Na tuitazame tena myuoni yetu. Katika mafunzo ya CERN walimu hutengeneza kwa mikono yao chombo kiitwacho chemba ya wingu. Asili yake ni Charles Wilson, Mskoti aliyekaa juu ya mlima Ben Nevis mwaka 1894 akistaajabia mawingu, akaenda kuyaiga ndani ya chupa, mpaka akazipiga picha njia za chembe na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1927. Chombo cha walimu ni sahili zaidi: sanduku la plastiki lisilopitisha hewa, kitambaa kizito kilicholoweshwa spiriti upande wa juu, na bamba la chuma lililolazwa juu ya barafu kavu, ambayo baridi yake ni nyuzi 78 chini ya sifuri. Mvuke wa spiriti hushuka, hukutana na baridi, hutaka kuwa wingu lakini hukosa pa kuanzia. Chembe ikipita, huacha nyuma yake msururu wa pa kuanzia, na uzi mweupe mwembamba huonekana kwa mwanga wa tochi, kisha hufifia. Mwalimu aliyesoma habari hizi kwa miaka mingi hukiona kwa macho yake kile alichokuwa akikisimulia.

QuarkNet walikwenda hatua ya mbele zaidi: walimu waliunda vigunduzi vya kuhesabia myuoni, wakavichukua mpaka shuleni kwao. Kigunduzi kina bamba 4 za plastiki maalumu, ambayo chembe ikipita ndani yake hutoa mmweko mdogo wa mwanga; mmweko huo hugeuzwa kuwa umeme na kuhesabiwa, na saa yake hupatikana kwa setilaiti. Bamba hizo hufungwa kwa karatasi nyeusi zisiingie mwanga wa nje. Hapa pana jambo ambalo kwangu ni kiini cha historia hii. Mwalimu akifunga vibaya, mwanga hupenya, na chombo huhesabu chembe zisizokuwapo. Inampasa basi agundue kwamba hesabu yake ni ya uongo, atafute ufa, aufunge, ahesabu tena. Filamu ile haikumwonyesha mwalimu kosa hata moja. Chati haikuwa na ufa wa kupenyeza mwanga. Ni karakana peke yake iliyomfundisha jinsi mtu anavyokosea na jinsi anavyojua kuwa amekosea, na mwenye kujua hilo ndiye awezaye kumjibu mtoto anayeuliza, “Mmejuaje?” Tarehe 21 Agosti 2017, jua lilipopatwa katika Marekani, walimu wa mpango huu na wanafunzi wao walivitega vigunduzi kuuliza kama mwezi ukilikinga jua idadi ya myuoni hubadilika. Swali lilikuwa lao, na chombo kilikuwa chao.

Mpinzani atasema: mafunzo haya huwafikia walimu wachache, mwalimu hufurahi kiangazi, kisha hurudi kwenye darasa la wanafunzi wengi na mtihani usiouliza habari za myuoni. Sina jibu la kuliondoa neno hili lote, kwa maana ni kweli. Lakini utaratibu wa vituo, ambao mwalimu hurudi mwaka baada ya mwaka kwa mlezi yule yule na wenzake wale wale, umekusudiwa kulipunguza tatizo hilo. Na kwa vyovyote mwalimu mmoja anayelimiliki somo hufaa kuliko kumi wanaolibeba.

Nasi je? Shule ya Afrika ya fizikia ya msingi, inayofanyika kwa kawaida kila miaka miwili katika nchi tofauti, ilianza Stellenbosch, Afrika ya Kusini, mwaka 2010. Na ilipofika Kigali mwezi wa Agosti 2016 iliwatengea walimu wa sekondari mafunzo yao. Karakana imekwisha kutukaribia. Ila kuna sharti moja ambalo wenzetu wamelitimiza na sisi bado. Tangu mwaka 2006 CERN huwapokea walimu wa taifa moja moja na kuwafunza kwa lugha yao wenyewe. Na katika mafunzo ya Kireno wamekuwamo hata walimu kutoka nchi za Afrika zinazotumia lugha hiyo. Maana yake ni kwamba walioyatunga mafunzo haya walitambua kuwa fundi hufunzwa kwa lugha anayoitumia kazini.

Katika Tanzania mtoto husoma sayansi ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari huikuta kwa Kiingereza. Watu husema istilahi hazitoshi. Twazo nyingi, nazo zimetungwa na wataalamu kwa uangalifu. Upungufu wake ni kuwa nyingi hazijawahi kutamkwa na mtu mwenye chombo mkononi. Neno chembe lenyewe ni mfano. Kwa mtoto chembe ni ya mchanga au ya mchele, kitu kigumu chenye umbo, hali elektroni haina ukubwa wowote uliokwisha kupimwa. Kamati haiwezi kuiondoa tofauti hiyo kwa kuandika kamusi. Mwalimu aweza, akiwa ameinamia chemba ya wingu pamoja na watoto, uzi mweupe ukipita, naye akisema: tuliyoiona si chembe, ni njia yake; chembe yenyewe imekwisha kwenda.

Kwa hiyo nionavyo, mafunzo ya walimu wa fizikia na kazi ya kukuza Kiswahili si mambo mawili. Istilahi iliyozaliwa mezani hukaa mezani. Ile iliyozaliwa karakanani hutoka na fundi, huingia darasani, na mtoto huipokea pamoja na kitu chenyewe. Yafaa siku tutakapowakutanisha walimu wetu kwa ajili ya elimu hii tuwape barafu kavu na spiriti kabla ya kuwapa kabrasha, na tumweke kando mtu wa lugha, si kuwasahihisha, bali kuandika maneno watakayoyasema.